Saa Iliyomo Kichwani na Mlinzi wa Usiku

Mtu wa visiwani afikapo Arusha kwa mara ya kwanza katika mwezi wa Julai hupokewa na vitu viwili: baridi na Mnara wa Saa. Baridi hushuka kutoka Mlima Meru, ambao kilele chake, kinachobeba jina la siasa yetu ya ujamaa, kiko mita 4,562 juu ya bahari tuliyoizoea sisi. Mnara wa Saa nao umesimama katikati ya mzunguko wa barabara, na wenyeji hupenda kumwambia mgeni kwamba hapo ndipo nusu ya njia ndefu itokayo Cairo hadi Cape Town. Umbali huo hatukuupima, wala hatukuona haja ya kubishana na mwenyeji juu ya fahari ya mji wake.

Tulikwenda huko kwa semina ya siku tano. Usiku wa kwanza, pengine kwa ajili ya baridi na pengine kwa ajili ya uchovu wa boti na basi, tuliamka saa kumi alfajiri na usingizi ukakataa kurudi. Tukavaa koti, tukatoka. Mji ulikuwa kimya, ila malori machache yaliyokuwa yakielekea soko la Kilombero yakiwa yamesheheni karoti, kabichi na ndizi za Wameru. Mbele ya duka moja lililofungwa tulimkuta mzee amejifunika blanketi, rungu mapajani, na jiko la mkaa miguuni pake likiwa limebaki majivu.

“Shikamoo, mzee.”

“Marahaba, mwanangu. Wewe si wa hapa. Watu wa hapa saa hizi wamelala.”

Tukaketi naye. Akatueleza kwamba huu ni mwaka wake wa sita wa kulinda usiku. Saa tisa, alisema, ndiyo saa mbaya kuliko zote: macho hujifumba yenyewe hata mtu akisimama, mwili huingia ubaridi ambao jiko haliuondoi, na mawazo huwa kama yamemwagiwa uji. Arudipo nyumbani asubuhi amechoka hoi, akalala, lakini kabla ya adhuhuri huwa ameamka, na hata akijilazimisha usingizi haushiki. Mwezi uliotangulia msimamizi alimkuta amesinzia, akakatwa mshahara wa siku mbili. “Akaniita mvivu,” alisema mzee yule. “Mimi nimelima kahawa mlimani miaka thelathini, na hakuna aliyepata kuniita mvivu.”

Neno hilo la uvivu ndilo lililotufanya tuandike makala hii. Watumishi wa serikali na viongozi wa mashirika husoma ukurasa huu, na wengi wao wana watu wanaofanya kazi usiku chini ya amri yao. Ni haki wajue kwamba analolalamikia mlinzi yule limechunguzwa kwa muda mrefu na wataalamu wa ubongo, na kwamba jibu lao linampa haki mlinzi, wala halimpi msimamizi. Tunaomba msomaji avumilie kidogo, maana habari yenyewe inaanzia mbali.

Katika mwaka 1729 Mfaransa mmoja aitwaye Jean-Jacques d'Ortous de Mairan aliutazama mmea wa jamii ya kile tukiitacho sisi kifauongo. Kila mtoto wa shamba anaujua: ukiuguza hufumba majani yake. Lakini mmea huo hufumba majani vilevile jua linapozama, na kuyafumbua kunapokucha. De Mairan aliutia gizani mchana kutwa. Majani yaliendelea kufumbuka asubuhi na kufumba jioni, ingawa jua halikuyaona wala hayakuliona. Basi kulikuwa na kitu ndani ya mmea kilichokuwa kikihesabu saa.

Zaidi ya miaka mia mbili baadaye Mfaransa mwingine, Michel Siffre, alijifanya yeye mwenyewe kuwa kifauongo. Mwaka 1962 aliingia katika pango lenye barafu, bila saa na bila mwanga wa mchana, akakaa humo miezi miwili. Alipotolewa, hesabu yake ya siku ilikuwa imechelewa kwa siku 25 hivi. Akili yake ilikuwa imepotea kabisa. Hata hivyo mwili wake haukupotea. Uliendelea kulala na kuamka kwa mzunguko usiopishana sana na saa ishirini na nne. Vipimo makini vilivyofanywa baadaye vimeonyesha kwamba saa ya mwili wa binadamu, ikiachwa peke yake, huzunguka kwa saa ishirini na nne na dakika kama kumi na moja. Huchelewa kidogo kila siku, kama saa ya ukutani iliyo nzuri lakini haijarekebishwa, na kinachoirekebisha kila asubuhi ni nuru.

Saa hiyo iko wapi? Kwa muda mrefu hapakuwa na aliyejua. Mwaka 1972 makundi mawili ya wataalamu wa Marekani, kila moja kwa njia yake, yaligundua mahali pake. Chini kabisa ya ubongo, nyuma ya macho, kuna sehemu iitwayo haipothalamasi, ambayo ndiyo makao makuu ya homoni nyingi. Humo, juu kidogo ya mahali ambapo neva za jicho la kulia na la kushoto hupishana, mna viini viwili, kila kimoja kidogo kuliko punje ya mchele, chenye seli kama elfu kumi. Wataalamu huviita viini vya suprakiasma. Panya aliyeharibiwa viini hivyo hakufa wala hakupofuka. Alikula, akanywa, akalala. Ila alifanya hayo yote ovyo ovyo, mchana na usiku bila mpango, na homoni zake zikapoteza kupanda na kushuka kwake kwa kila siku.

Ushahidi uliokata mzizi wa fitina ulipatikana mwaka 1990. Kulikuwa na wanyama wadogo wa jamii ya panya waitwao hamsta, waliozaliwa na kasoro ya kurithi, ambao siku yao ilikuwa ya saa ishirini tu. Wataalamu walichukua viini vile kutoka kwa hamsta mmoja na kuvipandikiza kwa mwingine ambaye vyake vilikuwa vimeharibiwa. Aliyepandikiziwa akaanza upya kuwa na mpango wa siku, lakini ulikuwa mpango wa yule mtoaji: aliyepewa viini vya saa ishirini akaishi kwa saa ishirini, na aliyepewa vya ishirini na nne akaishi kwa hizo. Ndani ya kila seli ya viini hivyo mna jeni zinazotengeneza protini, protini zikijaa huzizuia jeni zenyewe, kisha zikipungua jeni huanza tena. Mzunguko huo huchukua takriban siku moja. Wamarekani watatu waliofumbua jambo hilo kwa kuwachunguza nzi wa matunda, Jeffrey Hall, Michael Rosbash na Michael Young, walipewa Tuzo ya Nobel mwaka 2017.

Sasa tufike kwenye homoni, ambazo ndizo kiini cha malalamiko ya mzee wetu.

Homoni ni ujumbe unaotumwa kwa njia ya damu. Saa ya ubongoni haitoi homoni hizo yenyewe. Hutoa amri, na amri hupitia ngazi. Tuchukue kotisoli. Homoni hii hutengenezwa na tezi za adrenali, zilizokaa juu ya figo kama kofia. Kazi yake mojawapo ni kuutayarisha mwili kwa shughuli: huongeza sukari katika damu ili misuli na ubongo vipate chakula. Saa ya ubongoni huiamuru sehemu jirani ya haipothalamasi, hiyo huipelekea ujumbe tezi ya pituitari iliyoning'inia chini ya ubongo, pituitari humwaga homoni yake ndani ya damu, na hiyo ndiyo inayoziamsha tezi za adrenali. Mtumishi wa serikali hatapata taabu kuielewa njia hii, kwani ndivyo waraka unavyotoka wizarani ukapitia mkoani na wilayani mpaka ukafika kijijini. Lakini ubongo una na simu pia: neva zinazotoka kwenye uti wa mgongo hadi kwenye tezi zenyewe, ambazo huzifanya ziwe macho zaidi au zizembee, kwa kadiri ya saa ilivyo, hata kabla waraka haujafika.

Matokeo yake ni haya. Kwa mtu alalaye usiku, kotisoli huwa chini kabisa karibu na usiku wa manane. Huanza kupanda saa nane au saa tisa usiku, mtu akiwa usingizini hana habari, na hufika kilele chake asubuhi, muda mfupi baada ya kuamka. Kisha hushuka polepole kutwa nzima. Ndiyo maana daktari anayetaka kuipima homoni hii huuliza damu ilitolewa saa ngapi. Kiasi ambacho ni cha afya kabisa saa mbili asubuhi ni dalili ya ugonjwa kikionekana saa sita usiku. Na ndiyo maana mgonjwa aliyeandikiwa dawa za jamii hiyo, kama vile prednisoloni, mara nyingi huambiwa azimeze asubuhi. Wapo wanaodhani kwamba huo ni urasimu wa hospitali.

Homoni ya pili ni melatonini, iliyogunduliwa mwaka 1958. Hii hutolewa na tezi ya pineali, ndogo kama mbegu, iliyo katikati ya kichwa. Njia ya amri yake inastaajabisha: hutoka kwenye saa, hushuka kwa uti wa mgongo mpaka usawa wa kifua, hutoka nje, hupanda tena kwa shingoni, ndipo huingia kichwani ilikotoka. Ni kama mtu aliyeko Arusha atakaye kwenda Moshi akaamua kupitia Dodoma. Hatukuambiwa sababu ya mzunguko huo, na labda maumbile hayakuona haja ya kujieleza. Melatonini haipatikani mchana. Huanza kupanda kiasi cha saa mbili kabla ya wakati ambao mtu amezoea kulala, hufika kilele kati ya saa nane na saa kumi usiku, na kunapokucha hutoweka. Wengi huiita homoni ya usingizi, na si sahihi sana, kwani wanyama wanaowinda usiku nao huitoa usiku uleule wakiwa macho. Hasa hasa ni homoni ya giza: huueleza mwili mzima kwamba sasa ni usiku, na kila kiungo hufanya la kwake. Kwa binadamu, la kwake ni kulala.

Zipo na nyingine. Homoni ya ukuaji humiminika katika saa za mwanzo za usingizi mzito, na waliosema kwamba mtoto hukua akilala hawakukosea. Testosteroni, homoni ya kiume, huwa juu asubuhi na hushuka jioni. Hata joto la mwili hufuata mpango huo, nalo huwa chini kuliko wakati wote karibu na saa kumi ya alfajiri. Msomaji na arejee sasa kwa mzee wetu aliyesema kwamba saa tisa mwili huingia ubaridi ambao jiko haliuondoi. Hakusoma kitabu chochote, lakini alieleza kwa usahihi: saa hiyo melatonini iko kileleni, kotisoli ndiyo kwanza inaanza kupanda, na joto la mwili linakaribia mwisho wa kushuka kwake. Anayemkata mshahara amemtoza faini kwa kosa la kuwa na ubongo.

Mtu atauliza: je, miaka sita haitoshi mwili kuzoea? Jibu ni kwamba kwa watu wengi haitoshi, na sababu ni nuru. Katika jicho, mbali na zile seli zinazotuwezesha kuona sura na rangi, zipo nyingine chache, zilizogunduliwa mwaka 2002, ambazo kazi yake kubwa ni kuipasha saa ya ubongoni habari za mwanga. Mwaka 1980 Alfred Lewy na wenzake walikuwa wameonyesha kwamba mwanga mkali ukimpiga mtu usiku, melatonini yake hushuka papo hapo. Sasa mlinzi akitoka kazini saa kumi na mbili na nusu asubuhi, hutembea kuelekea nyumbani jua la Arusha likimpiga usoni. Kazi yote ambayo mwili wake ulianza kuifanya ili uuzoee usiku hubatilishwa ndani ya nusu saa. Kila asubuhi saa yake hurudishwa ilipokuwa. Yule aliyeingia pangoni alikuwa na nafuu: hakuna kilichokuja kumpinga.

Na yako mengine zaidi ya nuru. Ini, figo, kongosho na karibu kila kiungo kina saa yake ndogo, kama vile chama kilivyo na mashina yake hadi mitaani. Saa kuu ya ubongoni huziweka sawa, lakini zile ndogo husikiliza pia wakati wa kula. Mfanyakazi wa usiku anayekula wali saa nane huliambia ini lake kwamba ni mchana, ilhali jua limeiambia saa kuu kwamba huo ni usiku. Makao makuu yana ratiba yao na mashina yana yao. Kila aliyefanya kazi ya siasa anajua mambo huishia wapi katika hali kama hiyo. Shirika la kimataifa la utafiti wa saratani, lililo chini ya Shirika la Afya Duniani, liliitaja kazi ya usiku mwaka 2007 kuwa ni jambo ambalo huenda likasababisha saratani, na likathibitisha kauli hiyo mwaka 2019.

Tukiwa huko tuliambiwa habari nyingine, ambayo inahusu watu wa mkoa huohuo. Kusini-magharibi ya Karatu, kandokando ya Ziwa Eyasi, wanaishi Wahadzabe, ambao baadhi yao mpaka leo huishi kwa kuwinda, kuchimba mizizi na kurina asali. Wataalamu wamewaendea kwa wingi, kwa hoja kwamba hawa hulala bila taa ya umeme na kwa hiyo huonyesha usingizi wa binadamu ulivyokuwa zamani. Utafiti uliotolewa mwaka 2015, uliowahusu wao pamoja na watu wa Namibia na Bolivia, uliwavunja moyo wale wanaodhani kwamba wazee wetu walilala na kuku. Watu hao walilala, kwa wastani, zaidi ya saa tatu baada ya jua kuzama, na wakaamka wengi wao kabla halijachomoza, na usingizi wao haukuwa mrefu kuliko wa mtu wa mjini.

Utafiti wa pili, uliotolewa mwaka 2017, ndio uliotugusa. David Samson na wenzake, akiwamo mtaalamu wetu wa mambo ya kale Audax Mabulla, waliwavisha Wahadzabe watu wazima 33 vifaa vya mkononi vinavyoonyesha kama mtu amelala au la, kwa muda wa siku 20. Katika jumla ya saa zaidi ya 220 walizozichunguza, dakika ambazo watu wote walikuwa wamelala kwa pamoja zilikuwa 18 tu. Kwa kawaida, usiku walikuwapo kama wanane walio macho au wanaosinzia kwa wepesi. Hapakuwa na zamu, hapakuwa na aliyeamrishwa kulinda. Tofauti ilitokana hasa na umri: vijana hukesha hadi usiku mwingi na kuchelewa kuamka, wazee hulala mapema na kuamka kukiwa bado giza. Saa za ubongo za watu wa rika mbalimbali hazikupatana, na kwa kutopatana huko kambi ikawa na ulinzi usiku kucha. Nasi majumbani tunamlaumu kijana kwa kukesha na tunamtania bibi kwa kuamka saa kumi!

Kwa hakika hapa kwetu, bara na visiwani, tuna bahati ambayo hatuitambui. Arusha iko nyuzi tatu na kitu kusini ya ikweta, na sisi visiwani nyuzi tano na sita. Urefu wa mchana wa Arusha, kutoka mwezi wenye mchana mfupi kabisa hadi wenye mrefu kabisa, hautofautiani hata kwa nusu saa. Ndugu zetu waliohamia Sweden na Norway hupata miezi ambayo jua huchungulia tu, na saa zao za ubongo hutangatanga zikitafuta kitu cha kushika. Sisi jua hutujia kwa wakati uleule, na lugha yetu imeliandama jua hilo: saa moja ni saa ya kwanza kutimia tangu kupambazuke, na usiku nao una hesabu yake tangu magharibi. Wazungu huanza kuhesabu siku yao katikati ya usiku, wakati ambao hakuna kinachotokea mbinguni wala duniani. Tuliposoma chuoni mwalimu alitufundisha kuitambua alfajiri kwa weupe wa upeo wa macho, hatukujua kwamba weupe huohuo ulikuwa ukisomwa pia na seli za jicho ambazo hazioni sura.

Visiwani tunao wafanyakazi wa usiku ambao hakuna msimamizi awakatae mshahara: wavuvi wa dagaa. Hawa hutoka na taa zao usiku wa giza, na mbalamwezi ikijaa hupumzika, kwa kuwa taa haivuti samaki mbele ya mwezi. Maana yake ni kwamba kila mwezi huugeuza mwili kuwa wa usiku, kisha huurudisha kuwa wa mchana, kisha huugeuza tena. Hakuna kiwanda duniani chenye zamu ngumu kama hiyo. Mke wa mvuvi anayejua kwamba mumewe huwa mkali siku mbili tatu za mwanzo wa giza amekwisha kuuona mgongano wa saa hizo, ingawa pengine alimhesabia ni tabia.

Na liko jambo jingine la visiwani. Wazee wanakumbuka wapimaji wa matende na busha waliokuja vijijini usiku wa manane kutoa watu damu, na watu wakanong'ona wakidhani ni wanyonya damu. Sababu ilikuwa njema: vijidudu vya ugonjwa huo hukaa ndani ya mapafu mchana, na hutoka kwenye damu ya ngozini usiku, saa ambazo mbu wanaovibeba huuma. Tangu mwishoni mwa karne ya kumi na tisa ilijulikana kwamba mgonjwa akigeuziwa ratiba, akalala mchana na kukesha usiku, vijidudu navyo hugeuka baada ya siku kadhaa na kutoka mchana. Mdudu asiye na macho, ndani ya damu, huifuata ratiba ya mwili wa mwenyeji wake. Ugawaji wa dawa kwa umma ulioanza Zanzibar mwaka 2001 umeupunguza sana ugonjwa huo, na watoto wa leo hawazijui zile hofu za usiku.

Turudi kwa mlinzi, maana yeye ndiye aliyetutuma.

Hatusemi kwamba kazi ya usiku ikomeshwe. Wauguzi hawawezi kuondoka wodini, wala mitambo ya umeme haiwezi kuzimwa kwa ajili ya melatonini. Mwaka 2023 serikali iliruhusu mabasi ya abiria kusafiri usiku baada ya katazo la miaka mingi, na wafanyabiashara wa Arusha wameshangilia. Nasi hatupingi. Lakini dereva wa basi hilo, kati ya saa tisa na saa kumi na moja, huwa katika hali ileile ya mlinzi aliyekaa na rungu, isipokuwa mikononi mwake mna watu hamsini. Afisa anayekagua matairi na breki akumbuke kuuliza pia dereva alilala lini na kwa saa ngapi, kwa kuwa kifaa kinachochoka saa hizo si tairi.

Yapo mambo yasiyogharimu fedha. Zamu zikibidi kuzungushwa, zizungushwe kwenda mbele: asubuhi, kisha jioni, kisha usiku, kwa sababu saa ya mwili huchelewa kwa tabia yake, na ni rahisi kuichelewesha kuliko kuiharakisha. Meneja anayemtoa mtu zamu ya usiku na kumpeleka ya jioni, halafu ya asubuhi, anaipeleka saa kinyumenyume. Mwanga kazini uwe mkali mwanzoni mwa usiku, na mfanyakazi apewe nafasi ya kusinzia hata nusu saa kwa zamu na mwenzake. Wahadzabe wametufundisha kwamba ulinzi unahitaji watu wawili wenye saa tofauti, si mtu mmoja asiyelala. Kijana akeshe hadi saa nane, mzee apokee tangu saa hiyo hadi kuche. Kampuni ya ulinzi yenye walinzi wa kila rika ingeweza kulifanya hilo kesho.

Yapo na mambo ambayo tayari ni sheria. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya Tanzania Bara, Na. 6 ya mwaka 2004, imetaja katika kifungu chake cha 20 kwamba usiku ni kuanzia saa mbili usiku hadi saa kumi na mbili asubuhi. Mama mjamzito haruhusiwi kufanywa afanye kazi usiku katika miezi miwili kabla ya kujifungua, na mwenye cheti cha daktari kwamba kazi ya usiku haimfai naye ana kinga yake. Aidha kila saa ya usiku ina nyongeza isiyopungua asilimia tano ya mshahara wa msingi. Asilimia tano! Shilingi tano kwa kila mia, ndiyo bei ambayo taifa limeuwekea ubongo uliolazimishwa kwenda kinyume na jua. Twaona ni ndogo, na tungependa wabunge waitazame upya. Lakini hata hiyo ndogo ni deni, na deni hulipwa. Wenzetu wa visiwani wanayo sheria yao, Na. 11 ya mwaka 2005, na maafisa wetu wa kazi waifungue waone wanayo mangapi ya kusimamia usiku wakati wao wamelala.

Alfajiri ya mwisho ya semina tulipita tena pale dukani. Kilele cha Meru kilikuwa kimeanza kupata wekundu, ilhali mji ulikuwa bado gizani. Tulimweleza mzee habari ya ile nyongeza. Aliuliza ilianza lini, tukamtajia mwaka wa sheria. Akanyamaza kidogo, akahesabu kwa vidole miaka yake sita, kisha akauliza haki hiyo huulizwa ofisi gani. Tukamwelekeza Ofisi ya Kazi ya mkoa, tukamwambia hufunguliwa saa moja na nusu asubuhi.

“Saa hiyo, mwanangu,” alisema, akivuta kofia yake mpaka kwenye nyusi, “ndiyo niko ndani ya daladala nikienda kulala.”